Shati Lenye Mafundo Kumi na Tisa

Kila asubuhi, kabla hajaonja chai, dobi hutunga sindano saba. Huketi kwenye kigoda kando ya mlango wa nyuma, mahali ambapo mwanga huingia mapema, hulamba ncha ya uzi, hufumba jicho moja, kisha huupitisha tunduni. Uzi mwekundu ni wa hospitali. Wa buluu ni wa nyumba ya wageni. Wa kijani ni wa majirani. Mweusi, mweupe na wa njano nao wana wenyewe. Wa saba ni wa rangi ya chungwa. Huo una miaka saba haujapata kazi, lakini huutunga vilevile na kuichomeka sindano yake ya mwisho kabisa kwenye kitambaa kilichoshonwa kifuani mwa gauni, na hapo hukaa kutwa nzima kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

"Huyo wa chungwa unamtunza wa nini?" majirani humtania. "Au unangoja mchumba?"

"Mikono imezoea," hujibu, kisha huinamia karai lake.

Mtaani wanamwita Mama Nyuzi, ingawa hakujaliwa mtoto. Kazi alifundishwa na mama mkwe wake, mwanamke mkali aliyeweza kunusa shati na kukuambia mwenyewe anafanya kazi gani. Mama mkwe hakuamini wino. "Wino ukichemshwa unakimbia," alisema. "Uzi unabaki." Kila nguo iliyoingia uani ilishonwa alama ndogo kwa ndani, kwapani upande wa kushoto, au pindoni kama haina kwapa, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama. Rangi ya uzi ilisema nguo imetoka wapi. Na kila nguo ilipofuliwa, uzi uliongezwa fundo moja.

Hayo mafundo yalikuwa na sababu. Siku moja meneja wa benki alikuja amefura, shati lake limechanika mgongoni, akidai limefuliwa mara mbili tu na tayari limekuwa chujio. Mama mkwe hakubishana naye. Aligeuza shati, akamshika meneja kidole kama mtoto wa chekechea, akakipitisha juu ya uzi. "Hesabu, baba." Meneja alihesabu hadi thelathini na moja, akanywea, akaondoka bila kuaga. Kisa hicho dobi alikisimulia kwa wateja wake wote, na wote walikipenda. Hakujua kwamba ipo siku kisa hicho cha kuchekesha kingemweka roho mkononi.

Nyuma ya ua wake, ng'ambo ya barabara ya vumbi, kuna ukuta wa gereza. Mdogo wake wa kiume ni askari wa humo, na ndiye aliyempatia kazi ya kufua sare za askari. Ijumaa moja, miaka tisa iliyopita, alimletea gunia ambalo halikuwa na sare. Lilikuwa na mashati, suruali, sketi moja, sweta moja.

"Haya ya nani?"

"Ya Jengo la Nyuma."

"Wafungwa si wana nguo zao za gereza?"

"Hawa si wafungwa, dada. Hawamo kwenye daftari lolote. Wewe fua, Jumatatu nachukua. Usihesabu, usiandike, usiulize."

Hakuuliza. Alichokijua alikijua kama watu wote walivyokijua, kwa kunong'onezwa. Waliokuwa Jengo la Nyuma ni watu waliosema, walioandika, waliobeba mabango, na ambao redio ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba wametorokea nchi za nje. Ndugu zao waliambiwa waache kusumbua ofisi.

Lakini dobi hawezi kufua bila alama. Bila alama, sweta la Jengo la Nyuma lingemrudia mwalimu wa shule, na sketi ya mwalimu ingeingia gunia la gereza. Kwenye kopo lake ilikuwa imebaki rangi moja tu isiyo na mwenyewe. Hivyo chochote cha gunia lile kikashonwa uzi wa chungwa, na chochote chenye uzi wa chungwa kikarudi guniani. Mifuko ya nguo zile haikuwahi kuwa na kitu, hata punje ya mchanga. Kila mara ililetwa imekwisha kugeuzwa nje, kama ndimi.

Katika gunia la nne aligeuza shati la buluu lenye mistari myeupe, na kidole chake kikakuta uzi tayari upo. Ulikuwa wa kijani.

Alilifahamu kabla hajalitazama vizuri. Kola yake ilikuwa imegeuzwa, sehemu iliyochakaa ikashonewa ndani kwa mishono midogo sawasawa, na mkono ule ulikuwa wa nesi wa nyumba ya tatu. Shati lilikuwa la mume wake, mpiga chapa, mtu mpole mwenye kucha zisizotakata wino, aliyechapisha vikaratasi vya kuuliza serikali ilipeleka wapi ardhi ya watu. Wiki iliyotangulia redio ilisema amevuka mpaka na anaitukana nchi yake kutoka ugenini.

Dobi alikaa chini palepale penye maji.  Ng'ambo ya barabara, hatua zisizozidi mia mbili, mpiga chapa alikuwa amekaa bila shati akisubiri Jumatatu.

Aende kumwambia nesi? Akimwambia, nesi atapiga kelele, nani asingepiga? Akipiga kelele, watauliza amejuaje. Wakiuliza amejuaje, mdogo wake ataingia Jengo la Nyuma, na yeye atamfuata. Alichukua sindano ya chungwa, akashona kando ya uzi wa kijani, akapiga fundo la kwanza.

Ijumaa iliyofuata akapiga la pili. Ikawa desturi yake kumwaga gunia lote sakafuni na kulitafuta shati lile kwanza kabla ya kugusa kingine. Akiliona limechafuka, alishusha pumzi. Lilikuwa na jasho, kwa hiyo mtu alikuwa analivaa. Na asubuhi za katikati ya wiki, nesi alipokuwa akipita kwenda zamu hospitalini akiwa amemshika mwanawe mkono, aliinama kidogo na kusema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za nyumbani?"

"Nzuri tu. Tunasubiri barua."

Dobi aliinamia karai. Aliliinamia hivyo kwa wiki kumi na tisa.

Ijumaa ya kumi na tisa tangu alione shati lile, mdogo wake alileta gunia, na kando yake furushi dogo lililofungwa kamba.

"Hili?"

"La kuchoma." Hakumtazama usoni. "Kule ndani hatuwezi, kuna wageni kutoka nje wanakuja kukagua, moshi utaleta maswali. Wewe jiko lako la kuchemshia linawaka kila siku. Moshi wako umezoeleka."

"Wenyewe hawatazihitaji?"

"Dada!" alisema kwa sauti ambayo dobi hakuwahi kuisikia tangu alipokuwa anambeba mgongoni. "Choma, basi."

Alipoondoka, dobi alifungua kamba. Nguo saba. Shati la buluu lilikuwa la pili kutoka juu. Mgongoni lilikuwa na doa pana ambalo dobi mwenye miaka thelathini kazini hahitaji kuambiwa ni la nini.

Nguo sita alizichoma. Sweta la kijivu. Suruali mbili za kaki. Sketi yenye marinda. Fulana ya mpira yenye namba tisa. Shati jeupe la mtu mwembamba sana. Alizitia motoni mojamoja, na mpaka leo huzitaja hivyohivyo kwa mpangilio akiwa peke yake, kwa sababu hizo zilikuwa na watu wao vilevile, na yeye hakuwajua, na hofu haikumpa nafasi ya zaidi ya shati moja.

Hilo moja alilichemsha mara tatu. Doa lilififia lakini halikutoka. Akapiga fundo la kumi na tisa. Akalipiga pasi kwa uangalifu, kola, mikono, mgongo, akalikunja. Jumamosi, siku ya kugawa nguo mtaani, aliliweka kwenye fungu la uzi wa kijani, katikati ya mashuka mawili ya nyumba ya tatu. Akabeba fungu lile kichwani mwenyewe, akabisha hodi, akamkabidhi nesi, akaondoka haraka bila kukubali hata maji ya kunywa. Hakuwa amelewa usingizi wala macho hayakuwa na ukungu. Alijua anachokifanya kama anavyojua joto la pasi kwa kuitemea mate.

Jumatatu nesi alikuja uani. Bahati mbaya, karani mmoja wa ofisi ya wilaya, mwanamke mnene mwenye masikio marefu kuliko yote mtaani, alikuwa amekaa pale akingoja mapazia yake.

"Mama," nesi alisema. Shati lilikuwa mkononi, limegeuzwa ndani nje. "Hili limetoka wapi?"

Karani aliinua uso.

"Nimekosea, mwanangu," dobi alisema kwa sauti kubwa. "Nguo zimechanganyika. Macho haya, uzee huu! Nisamehe."

 Kidole gumba cha nesi kilikuwa kinatembea juu ya uzi wa chungwa, polepole, na midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Naye alikuwa amewahi kusimuliwa kisa cha meneja wa benki, tena alikicheka mpaka machozi. Alipofika mwisho wa uzi aliinua macho. Dobi alikuwa amempa karani mgongo.  Aliutazama ukuta wa gereza mara moja tu, akarudisha macho.

"Haya, mama," nesi alisema. "Watu hukosea."

Siku nne baadaye nyumba ya tatu ilikuwa na kufuli. Nesi alikuwa amevuka mpaka na mwanawe na sanduku moja.

Mwaka uliofuata magunia yalikoma. Ilisemekana Jengo la Nyuma limekuwa ghala la mahindi. Dobi aliendelea kutunga sindano saba, na mdogo wake alipopita siku moja na kuuliza, "Lile furushi ulilichoma?" alimjibu, "Lilishakuwa majivu zamani." Akaamini.

Mpaka mwaka huu. Mdogo wake alikuja mchana, hajavaa sare, akafunga mlango wa uani kwa komeo, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Uliniambia umechoma."

"Nilichoma."

"Vyote?"

Dobi akaendelea kusugua.

"Dada, uzi wako uko mahakamani!" Alikuwa ananong'ona, lakini mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama kama anapiga mayowe. "Nchi ya mbali huko, mbele ya majaji wa mataifa. Yule nesi amewapelekea shati. Nimeliona kwenye simu ya mwenzangu, uzi wamepiga picha wakaukuza, umekuwa mnene kama kamba ya ng'ombe. Kumi na tisa, anawaambia. Wiki kumi na tisa, anasema, mume wangu alikuwa mikononi mwenu, mkasema ametoroka."

"Yeye mzima?"

"Unaniuliza kuhusu yeye? Mzima. Walimfutia pasi ya kusafiria, walivunja mlango wake hukohuko ugenini, anapigiwa simu zisizo na mtu. Hakukoma." Alijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Sikiliza. Serikali imejibu kwa maandishi. Haisemi shati ni la uongo. Inasema lilipita kwa dobi ambaye anachanganya nguo. Wanaye karani aliyesikia kwa masikio yake ukikiri kwamba umekosea. Basi kama ulikosea kupeleka, ulikosea pia kushona. Uzi hauthibitishi kitu. Umeelewa? Wamekuachia mlango wazi. Ingia tu."

"Mlango wa kwenda wapi?"

"Wa kubaki hai! Ukiulizwa, sema macho. Bibi wa miaka sitini na mbili kuchanganya kijani na chungwa, nani atakulaumu? Mimi nina watoto wanne, dada. Furushi nililileta mimi."

Dobi alimpa chai. Kikombe kikawa kinagonga kisahani mkononi mwa mdogo wake, na dobi akaushika mkono ule kama alivyoushika zamani alipokuwa anamfundisha kutembea. Hakumwahidi kitu.

Siku iliyofuata alianza kuja mteja mpya. Mwanamume nadhifu wa makamo, viatu vinang'aa licha ya vumbi. Alileta shati moja jeupe. Dobi alilifungua. Shati lilikuwa safi, halijavaliwa. Lilikuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Nifue nini hapa, baba?"

"Fua tu," alisema kwa upole. "Naambiwa wewe ni hodari."

Alilichukua baada ya siku mbili, akalirudisha baada ya siku mbili nyingine, vilevile safi. Mara ya tatu aligeuza kwapa la kushoto mbele yake, akalisogeza kwenye mwanga.

"Sioni alama."

"Ipo. Nimekupa uzi mweupe. Kwenye nguo nyeupe hauonekani, lakini ukipapasa utaupata."

Akapapasa. Akatabasamu. "Mafundo mawili. Kweli." Kisha akatazama kifua cha dobi, kwenye kile kitambaa cha sindano, akawa kama anayehesabu. "Rangi ya chungwa bado unayo."

"Nina rangi nyingi."

"Naona." Alilikunja shati taratibu. "Mama, unajua, tangu dunia iumbwe hakuna mtu aliyefungwa kwa sababu dobi amechanganya nguo. Ni kosa la kawaida. Watu wanacheka, wanasahau. Makosa mengine ndiyo hayasahauliki." Akaacha shati lile juu ya ubao wa pasi. "Kesho kutwa nitapita."

Alipotoka, dobi alilitia shati lile karaini. 

Wiki ile wachunguzi wa kimataifa wa kesi ile waliruhusiwa kuingia nchini, siku tatu tu, baada ya barua nyingi kwenda na kurudi. Gereza lilipakwa rangi mpya. Dobi aliona kutoka uani mwake wafungwa wakipanda maua kando ya lango, maua yaliyokuja yamekwisha kuchanua. Wachunguzi walifikia nyumba ya wageni, na kwenye mapokezi wakawekwa wanaume wawili wa kusoma gazeti lilelile kutwa nzima.

Ni nyumba hiyohiyo ambayo mashuka yake hufuliwa na dobi kwa miaka ishirini. Msimamizi wa vyumba ni rafiki yake, mwanamke mwenye sauti ya kengele ya shule. Siku ya kwanza ya wageni alitinga uani na shuka begani, akaanza kufoka kabla hajafika, mpaka gari lililoegeshwa ng'ambo likateremsha kioo.

"Mama Nyuzi, mashuka gani haya? Mgeni analala au anakaangwa? Njano tupu!"

"Njano iko machoni mwako! Lete nione!"

Waliinama pamoja juu ya shuka jeupe kabisa.

"Mmoja wao ni mwanamke," msimamizi alinong'ona. "Anataka kukuona. Kesho saa nne asubuhi, chumba cha mashuka. Dakika kumi. Kama hutaki, namwambia unaumwa."

"Wewe huogopi?"

"Mimi? Naogopa mpaka kucha. Wewe je?"

"Sijala tangu juzi."

"Basi jikaze kisabuni," msimamizi alisema, wakajikuta wanacheka, kicheko kikavu kilichokatika njiani. Kisha akasimama, akaweka mikono kiunoni. "Na ulete mengine kesho, yawe meupe! La sivyo nitatafuta dobi mwenye macho!"

Asubuhi iliyofuata dobi alitunga sindano sita bila shida. Ya saba ilimkataa. Uzi wa chungwa ulikwenda kushoto kwa tundu, ukaenda kulia, ukakunjika. Akaulamba tena. Alifikiria kuurudisha koponi, nani angejua? Lakini yule mteja alikuwa amehesabu saba, na asubuhi moja akikuta sita atajua kuna kitu kimebadilika. Hayo ndiyo aliyojiambia. Mara ya tano uzi ukapita. Akachomeka sindano mahali pake, akapakia mashuka kwenye mkokoteni.

Kwenye lango la nyuma la nyumba ya wageni alisimama yule mwanamume nadhifu. Alikuwa amevaa shati jeupe. Dobi alilijua, alikuwa amelipiga pasi mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Leo mashuka?"

"Marahaba. Kila siku mashuka."

Aliinua shuka la juu kwa vidole viwili, akachungulia, akaliachia. "Mazito haya kwa mtu wa umri wako. Usikawie."

"Sikawii, baba."

Alisukuma mkokoteni akihisi macho yake mgongoni, palepale ambapo shati lile lilikuwa na doa.

Chumba cha mashuka hakina dirisha. Kina rafu hadi darini, taa moja, na harufu ya bluu ya kufulia na wanga ambayo dobi aliichukua kama harufu ya nyumbani. Mchunguzi alikuwa ameketi juu ya robota la taulo, mwanamke wa miaka kama thelathini, miwani, magoti pamoja. Alisimama haraka, akaamkia. Kiswahili chake kilikuwa safi ila alikitamka kwa uangalifu, kama mtu anayebeba maji kwenye sinia.

"Umejifunzia wapi, mwanangu?"

"Kwa mama yangu. Naye alikimbia nchi yake, si hii. Nilizaliwa hukohuko ugenini." Akatoa kidude kidogo cha kurekodi, akakiweka juu ya foronya. "Kabla hatujaanza, mama. Tunaweza kuficha jina lako."

"Futa jina, sawa. Na uzi je? Si utanitaja?"

 "Utakutaja," mchunguzi alikiri. "Siwezi kukudanganya. Tutajaribu kukutoa nchini ukitaka, lakini siwezi kukuahidi siku, wala kukuahidi kwamba wao hawatatutangulia."

"Na mdogo wangu?"

"Hata yeye tutajaribu."

Dobi alishukuru kwamba hakupambiwa maneno. Akaketi. Nje, msimamizi alikuwa anapiga deki ukumbini, akiimba kwa sauti mbaya; walikubaliana kwamba akinyamaza, kuna mtu anakuja.

Picha ziliwekwa mapajani pake. Shati la buluu, mistari myeupe. Kola iliyogeuzwa. Kwapa la kushoto, kwa karibu: uzi wa kijani uliofifia, na kando yake wa chungwa. Hakuwa ameliona kwa miaka minane. Aliweka kidole juu ya karatasi laini na kuhesabu, ingawa hakukuwa na cha kupapasa. Kumi na tisa.

Akaeleza. Alieleza magunia ya Ijumaa, mifuko iliyogeuzwa, rangi iliyobaki koponi, fundo moja kwa kila wiki. Alieleza furushi la kamba. Alizitaja nguo sita alizozichoma, kwa mpangilio wake, sweta la kijivu, suruali mbili za kaki, sketi, fulana, shati la mtu mwembamba, na mchunguzi akaandika kila moja kwa kasi, kisha akaacha kuandika, akavua miwani na kuifuta.

"Ahsante," alisema. "Hayo yote yana uzito. Lakini wao hawabishii hayo kwa sababu hawayahitaji. Jibu lao lote limesimama juu ya jambo moja." Akakunjua karatasi. "Wanasema ulikiri mbele ya shahidi kwamba ulichanganya nguo. Kama ni kweli, majaji watasema dobi anayekosea kugawa anaweza kukosea kushona, na uzi utabaki kuwa uzi tu. Na wewe hutadhurika, utakuwa mtu aliyekosea kazini. Kama si kweli, ina maana ulilitoa shati hilo kwa makusudi, na hilo wanaita kuiba siri ya dola. Nataka uelewe kabla hujajibu. Sitakulazimisha. Nina swali moja tu."

Ukumbini, wimbo ulikatika.

Dobi alisikia ndoo ikiwekwa chini. Akasikia viatu, vile vinavyong'aa, vikikanyaga sakafu mbichi bila haraka, na msimamizi akilalamika kwa sauti ya juu kwamba anachafuliwa kazi, baba, subiri pakauke kwanza, utateleza. Moyo ulikuwa unampiga mpaka sindano saba zikawa zinatikisika kifuani. Aliona kikombe cha mdogo wake kikigonga kisahani. Aliona wale watoto wanne. Lile neno alilolisema kwa sauti kubwa mbele ya karani lilikuwa tayari, limekaa kwenye ncha ya ulimi, jepesi, tena lilikuwa limemlinda miaka minane.

Mchunguzi naye alikuwa amevisikia viatu. Alisogeza kile kidude karibu, akanong'ona.

"Mama, ulikosea?"

"Sikukosea," dobi alisema. "Nililiona ni la uzi wa chungwa, nikaliweka kwenye fungu la kijani, nikalipeleka kwao mwenyewe."